Mkataba ukiisha na kadi inakufa: bima ya afya ifuate ajira au imfuate mtu?

Nondo za Ihumwa (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi. Humu nimekuwa msomaji kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limenikaa kifuani.

Nilikuwa msimamizi wa nondo kwenye mradi mmoja wa majengo huku Mtumba, Dodoma. Mkataba wa miaka mitatu, mshahara laki nane na nusu kwa mwezi, na bima ya afya ya kazini kwangu, mke wangu na watoto wawili. Binti yangu mkubwa ana miaka sita na ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye mtoto wa namna hiyo hahitaji kuelezwa: kliniki kila mwezi, foliki kila siku, maji ya kunywa kutwa, na wewe mzazi usingizi wako ni wa sikio moja.

Mkataba uliisha Juni 30. Hakuna aliyegombana na mtu. Jengo limekamilika, tukapeana mikono, tukalipwa stahiki zetu, tukaondoka. Usiku wa Julai 9 mtoto akaanza kulia miguu. Mnaujua upepo wa Dodoma mwezi wa saba, na baridi ndiyo adui mkubwa wa hawa watoto. Tukamfunga mablanketi mawili, tukakodi bajaji, saa nane usiku tuko dirishani.

Dada wa mapokezi akaingiza namba ya kadi. Akaangalia kompyuta. Akaingiza tena taratibu, namba moja moja, kama mtu anayetaka kosa liwe la kwake. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, kadi haisomi. Inaonyesha uanachama umesitishwa." Akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kama mtu anavyotoa rambirambi.

Sitasema uongo, mtoto alihudumiwa. Sindano ya maumivu, dripu, vipimo vya damu, siku tatu wodini. Ila kila kitu taslimu: nenda kalipie, rudi na risiti, nenda tena. Nilitoka na deni la moyo na shilingi 214,000 zimekwenda. Ilikuwa kodi ya nyumba. Mke wangu akaenda kukopa kwenye kikoba chao ili tusitupiwe vyombo nje.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi nikapiga hesabu. Asilimia 6 ya mshahara wangu ni 51,000: nusu yangu, nusu ya mwajiri. Mara miezi 36 ni 1,836,000. Hela hiyo yote iliingia kwa jina langu nikiwa mzima, mtoto akiwa na nafuu kiasi cha kwenda kliniki tu. Siku tisa baada ya mshahara wa mwisho mimi ni mgeni kabisa. Simtaji mwajiri wala mfuko, kwa sababu kila mmoja alifuata utaratibu uliopo. Nalalamikia utaratibu wenyewe.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa nini bima ya afya ifungwe kwenye ajira, ili siku mshahara ukikatika na matibabu yakatike siku hiyo hiyo? Naomba tuchangie kwa hoja.

Mama Wawili DOM

Pole sana baba, na mtoto apone. Nimesoma uzi wako nikiwa nje ya chumba cha kusafisha damu, namsubiri mama yangu.

Mama ana tatizo la figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na yuko kwenye kadi yangu kama mzazi. Mimi ni karani kwenye taasisi moja hapa mjini. Mwaka jana nilipata kazi nyingine, mshahara unazidi wa sasa karibu mara moja na nusu. Nilifurahi mpaka nikapiga magoti. Kisha nikauliza habari ya bima. Wakaniambia wao wanakata bima binafsi inayomhusu mfanyakazi, mwenza na watoto. Mzazi hayumo.

Nikaikataa ile kazi. Hapa nilipo bosi ananitukana mbele ya wateja na namvumilia. Wenzangu wanasema mimi mpole. Mimi siyo mpole, mimi nina mama. Kila akinipandishia sauti nahesabu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.

Kwa hiyo mleta uzi usifikiri ni waliokosa kazi peke yao wanaoumia. Na sisi tulio ndani ya kazi kadi imetufunga kamba mguuni.

Utumishi Kwanza

Poleni wote wawili. Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka kumi na kitu, serikalini na sekta binafsi, kwa hiyo naomba niseme upande ambao hautapendwa.

Bima ilifungwa kwenye ajira kwa sababu mshahara ndipo mahali pekee nchi hii inapoweza kukata mchango bila kumfuata mtu nyumbani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma. Asilimia 3 mtumishi, asilimia 3 mwajiri, inakatwa kabla mshahara haujakufikia. Mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Linganisha na bima za hiari: mtu analipa mwaka huu akiumwa, mwaka ujao halipi kwa sababu hakuumwa.

Tazameni Toto Afya Kadi, ile bima ya hiari ya mtoto. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, jambo jema mno. Lakini wazazi wengi walikuja kusajili mtoto ambaye tayari anaumwa, na wenye watoto wazima wakakaa pembeni. Matumizi yakazidi michango kwa mbali, na 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kupitia shule. Wafanyakazi wa ofisi moja hawakuajiriwa kwa sababu ni wagonjwa. Wamo wazima na wagonjwa, vijana na wazee, ndiyo maana mfuko unasimama.

Na swali langu kwa mleta uzi: ukimwambia mwajiri bima siyo kazi yake tena, unadhani ile asilimia 3 yake atakuongezea kwenye mshahara? Nimekaa kwenye vikao vya bajeti. Hataongeza hata senti.

Zabibu za Hombolo

Mimi ni mkulima, nasoma nikiwa shambani mtandao ukikubali. Mnabishana kama bima ifuate kazi au la, na mimi sijawahi kuwa na kazi ya kuajiriwa tangu nizaliwe. Je, shamba siyo kazi? Nimeinama kwenye mizabibu tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Bima yangu ni CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii. Nilipokata ilikuwa elfu 30 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Kwa zahanati na kituo cha afya inanitosha, na kwa rufaa nafika mpaka hospitali ya mkoa pale mjini. Juu ya hapo inakoma. Shemeji yangu alipohitaji kwenda hospitali ya Benjamin Mkapa tukauza ng'ombe wawili na mbuzi wote. Yeye ni mkulima kama mimi. Mdogo wake ni dereva wa wizara, kwake milango ile ile iko wazi. Ni tumbo moja la mama.

Nimwambie na bwana Utumishi: mkulima naye ana siku ya mshahara, ila ni mara mbili kwa mwaka. Zabibu tunavuna Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mwandikishaji anakuja kijijini Desemba, watu wanatafuta hela ya mbegu na chakula kimekwisha ghalani. Anaondoka anasema wakulima hawana mwamko. Aje siku tunapokabidhi zabibu aone kama hatulipi.

Nondo za Ihumwa (mleta uzi)

Ahsanteni. Mama Wawili, nimemwonyesha mke wangu ulichoandika, amekaa kimya muda mrefu.

Utumishi, hoja yako ni nzito na sitaki kuikwepa. Nakubali mshahara ni mahali pazuri pa kukusanyia mchango. Nakubali mwajiri aendelee kutoa asilimia 3 yake. Ninachokataa ni kuunganisha vitu viwili ambavyo ni tofauti: njia ya kukusanya hela, na haki ya kutibiwa. Umeme nanunua kwa simu, lakini simu yangu ikiibiwa hawaji kung'oa nguzo. Mshahara uwe njia ya kupitishia mchango, basi. Njia ikiziba, itafutwe nyingine huku mtoto anaendelea na dawa.

Zabibu za Hombolo, nimejifunza kitu kwako. Nilifungua uzi kama mtu aliyepoteza kitu, nikasahau kwamba wengi hapa hawajawahi kukishika hicho kitu.

Msomaji wa Makole

Niongeze historia kidogo, maana wengine wanaona kufunga bima kwenye ajira ni sheria ya maumbile.

Ujerumani walianza 1883, enzi za kansela Bismarck. Sheria yao ya bima ya ugonjwa ilimtaka mfanyakazi atoe theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja. Hiyo ndiyo asili ya makato ya mshahara ambayo nchi nyingi zimeiga. Lakini Wajerumani hawakuishia hapo. Leo mtu akipoteza kazi na akawa anapokea mafao ya kukosa ajira, wakala wa ajira ndio unaomlipia mchango wa bima. Mstaafu anachangia kupitia pensheni. Kadi haizimwi.

Marekani ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ilizuia mishahara isipande. Waajiri walikuwa wanagombania wafanyakazi, na bima ya afya haikuhesabiwa kwenye zuio lile, basi wakaitumia kuvutia watu. Baadaye, 1954, sheria ya kodi ikaweka wazi kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima hautozwi kodi. Hatua ya dharura ya vita ikageuka mfumo wa nchi nzima. Wao walilazimika kutunga sheria nyingine miaka ya 1980 inayomruhusu aliyepoteza kazi kuendelea na bima ile ile kwa miezi 18 kwa kawaida, lakini alipe gharama yote mwenyewe, hadi asilimia 102. Fikiria mtu hana kazi halafu analipa sehemu yake, ya mwajiri, na nyongeza juu.

Uingereza walikataa njia hiyo. Tangu Julai 1948 matibabu yao yanalipiwa kwa kodi, na hakuna anayekuuliza umeajiriwa wapi. Majirani zetu Kenya tangu Oktoba 2024 wanakata asilimia 2.75 ya mshahara wote wa mwajiriwa, na asiye na mshahara anapimwa kipato cha kaya yake.

Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Bunge liliipitisha hapa hapa Dodoma Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima. Kwa mwajiriwa imebaki asilimia 6, mwajiri asitoe chini ya nusu. Imeweka pia mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na ikataja vyanzo kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na michezo ya kubahatisha. Lakini mtu kama mleta uzi anasimama wapi? Juni 30 alikuwa mwajiriwa. Julai 9 siyo mwajiriwa, na wala hajafika kwenye orodha ya maskini. Ni pale katikati ndipo watu wanapoanguka.

Mwalimu wa Zamani, Kondoa

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefundisha shule za msingi wilayani Kondoa mpaka nilipostaafu kwa umri.

Nataka kushuhudia jambo moja. Nilipostaafu makato yaliisha, mshahara uliisha, lakini kadi yangu na ya mama watoto haikufa. Tunatibiwa mpaka leo bila kuchangia. Sukari yangu na presha ya mwenzangu, dawa tunachukua kila mwezi. Watoto ndio walitoka kwenye kadi, sisi wawili tumebaki.

Wanaosema haiwezekani kadi kumfuata mtu nje ya ajira, mimi ni nani? Kwangu imeonekana kwamba nilichangia nikiwa na nguvu, nistahili nikiwa sina. Huyu kijana alichangia miezi 36. Hata miezi sita tu ya kumsubiri hakupewa?

Lakini niwe mkweli, wenzangu waliofundisha shule binafsi maisha yao yote hawana hata hiki nilicho nacho mimi. Tulishika chaki ile ile. Mmoja ni rafiki yangu wa utotoni. Tukikutana kliniki mimi naenda dirisha la dawa, yeye anaandikiwa cheti anakwenda nacho duka la nje, anarudi na nusu dozi kwa sababu hela imeishia hapo.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi. Sitasema wapi.

Mgonjwa mwenye kadi hai tunamwona siku ya kwanza au ya pili ya homa. Asiye na kadi tunamwona siku ya sita, ameshapita duka la dawa mara tatu, ameshakunywa alivyoshauriwa na jirani, mtoto ameshaanza kupauka. Kwa seli mundu kuchelewa siku mbili ni jambo kubwa sana. Mleta uzi ulifanya vema kuja usiku ule ule. Wengine husubiri kukuche ili kwanza watafute hela.

Na kuna kitu watu hawajui. Mtu kadi ikifungwa hapotezi siku moja tu. Anapotea kliniki. Kitabu cha miadi kina tarehe yake, hafiki. Mwezi wa pili hafiki. Tunapiga simu, wengine wanaona aibu kusema hawana kazi, wanasema wamesafiri. Wakirudi miezi minne baadaye presha iko juu sana, na gharama ya kumlaza inazidi mara nyingi zile dawa alizokosa. Hela inayookolewa kwa kufunga kadi siioni iko wapi. Naiona inatoka mlango wa pili.

Najua pia kuna sera ya msamaha kwa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Binti wa mleta uzi ana sita. Alipofikisha mitano ugonjwa haukumwacha.

Mama Lishe Sabasaba

Naomba na mimi niseme ingawa sijasoma sana. Nauza chakula hapa Sabasaba. Wateja wangu ni wafanyakazi, wengi wana kadi. Wanakula kwangu kila siku na wanaenda kutibiwa kwa kadi zao, na mimi niliyewapikia nikiungua na mafuta najipaka dawa ya meno.

Mwaka juzi nilimuuguza mtoto, nikachukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa. Nilichukua laki mbili. Walikuja kuchukua jiko, sufuria na meza. Nilianza upya na sufuria moja ya kuazima.

Ninaomba wenye akili waniwekee mahali pa kulipa kidogo kidogo. Elfu moja kwa siku naweza. Laki na kitu kwa mpigo siwezi, sijawahi kuishika ikiwa yangu. Kwenye mchezo wetu wa kila wiki hapa kijiweni hakuna anayekosa zamu. Hatushindwi kuchanga, tunashindwa kulipa kwa mkupuo.

Utumishi Kwanza

Nimerudi. Nimewasoma wote, na Mwalimu wa Zamani amenikamata mahali. Kweli, kwa mtumishi anayestaafu kadi inamfuata. Kwa hiyo hoja yangu kwamba mfumo hauwezi imepungua nguvu.

Nitoe kitu cha kiutendaji. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una fao la kupoteza ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake. Kwa mshahara wa mleta uzi ni kama 283,000 kwa mwezi. Ukikata asilimia 6 ya hiyo hata haifiki elfu 17. Kama fao lile lingebeba na mchango wa bima ndani yake, kama Msomaji wa Makole alivyotueleza ya Ujerumani, kadi ingeishi miezi sita zaidi bila mtu kugusa mfuko wa serikali wala wa mwajiri. Kinachotakiwa ni mifuko miwili, wa NSSF na wa bima, kuzungumza, na yote inatumia namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa.

Na waajiri wenzangu tujirekebishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatutaka tumpe mtu anayeondoka cheti cha utumishi na malipo yake. Hakuna anayekaa naye dakika tano kumwambia: kadi yako itafungwa tarehe fulani, kachukue dawa za kutosha kabla, kaulize kifurushi cha binafsi. Nimewaaga watu wengi kwa keki na soda. Hili sikuwahi kuwaambia hata mmoja, na linaniuma.

Kibaigwa Mpya

Mnazungumzia aliyefukuzwa au aliyemaliza. Mimi nilikuwa kazini, makato yanaonekana kwenye hati ya mshahara kila mwezi, na kadi haisomi. Kumbe mwajiri alikuwa anakata na hapeleki. Mke wangu alikuwa wodi ya wazazi, amefanyiwa upasuaji. Nikapiga simu ofisini, naambiwa "tunalishughulikia". Nimelipa mwenyewe, na ile hati ya mshahara ninayo mpaka leo, inaonyesha nimekatwa.

Ukiifunga afya ya mtu kwenye mkono wa mwajiri, mwajiri akikunja mkono umekwisha. Kosa ni la aliyekata, anayeadhibiwa ni mzazi aliyeko wodini. Kwa nini asidaiwe mwajiri huku mke wangu anatibiwa?

Zabibu za Hombolo

Kibaigwa hapo umesema. Ndiyo hofu yetu na sisi huku. Ukisema mchango ukatwe kwenye chama cha msingi cha ushirika siku ya mauzo, nitakubali, lakini tumeshakatwa vingi sana kwenye mazao. Mkulima anataka ujumbe kwenye simu yake siku hiyo hiyo: mchango umefika, kadi yako iko hai mpaka tarehe fulani. Siyo kwenda kujua dirishani usiku wa manane.

Zamu ya Usiku

Huo ujumbe wa simu ungetupunguzia machozi mengi dirishani. Sisi ndio tunaowaambia watu habari ambayo mtu mwingine alipaswa kuwaambia mwezi uliopita.

Mama Wawili DOM

Nauliza tu kwa wanaojua. Ikitokea nimeachishwa kesho, mama yangu Ijumaa anafanyaje? Sitaki jibu la kunifariji. Nataka kujua niende ofisi gani na karatasi gani.

Utumishi Kwanza

Mama Wawili, usisubiri hiyo siku. Wiki hii nenda ofisi ya bima ya mkoa, uliza vifurushi vya mtu binafsi kwa umri wake, na uulize waziwazi kama kusafishwa damu kumo na kama kuna muda wa kusubiri kabla ya huduma kuanza. Omba jibu kwa maandishi. Nenda pia ustawi wa jamii wa hospitali anayosafishwa, wafungue jalada lake sasa ukiwa bado na kadi. Watu wanakwenda ustawi wa jamii wakiwa wameshaishiwa kabisa, na uchunguzi wao unachukua siku. Ukiachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kufungua shauri CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, usizipoteze kwa kulia.

Nondo za Ihumwa (mleta uzi)

Ndugu zangu, nimesoma kila neno. Msimamo wangu umebadilika kidogo na nauweka wazi.

Nilianza nikitaka bima itolewe kabisa kwenye ajira. Sasa naona mwajiri aendelee kukatwa, na mfanyakazi aendelee kukatwa, kwa sababu hela hiyo ndiyo iliyo ya uhakika. Lakini kadi iwe ya mtu, kwa namba yake ya NIDA, tangu anazaliwa mpaka anazikwa, na pasiwe na mwajiri mwenye uwezo wa kuizima. Akipata kazi mchango unapitia mshahara. Akiwa shambani unapitia zabibu zake, mara mbili kwa mwaka. Akiwa na jiko Sabasaba, elfu moja moja kwa simu. Akikosa vyote, mfuko ule ulioandikwa kwenye sheria ya 2023 umbebe mpaka asimame. Na mwajiri asiyepeleka makato afuatwe yeye na mahakama, mgonjwa aachwe atibiwe.

Habari za kwangu: nimepata kazi Jumatatu, mradi mdogo Nala. Nimeuliza bima. Wamesema baada ya miezi mitatu ya majaribio. Kliniki ya binti ni Jumatano ya wiki ijayo.

Kwa hiyo kesho asubuhi nafuata ushauri wa Utumishi, nakwenda kuuliza kifurushi cha mtoto peke yake. Mke wangu ameshatoa cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha na picha nne za pasipoti tulizompiga mwezi wa pili akiwa amesuka. Nikirudi nitaandika hapa hapa wamenijibu nini na ni shilingi ngapi, ili mwenye mtoto kama wangu asianze kutafuta usiku.